Kabla kikundi hakijanunua tanuri la kupima dhahabu

Mwezi Machi 2025 bei ya dhahabu kwenye soko la dunia ilivuka dola 3,000 kwa wakia moja. Ilipofika Oktoba mwaka huo huo ikavuka dola 4,000. Wakia moja ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja tu ya dhahabu safi ilifika karibu dola 129.

Tangu hapo swali moja limekuwa likirudi kwenye simu na ujumbe mfupi wa wasikilizaji wetu: ikiwa dhahabu imepanda hivi, kwa nini sisi wenye maduara tusiwe na maabara yetu wenyewe? Vikundi vinachanga fedha. Muuzaji wa mitambo analeta karatasi ya bei, na kitu cha kwanza kilichoandikwa kwa herufi kubwa ni joto la tanuri. Mmoja anasema lake linafika digrii 1,200, mwingine 1,400, mwingine 1,700. Kikao kinagawanyika. Wapo wanaosema tuchukue kubwa ili tusijute baadaye.

Tumeona tuliweke jambo hili wazi kwa maandishi, ili hata aliyekosa kipindi aweze kusoma kwenye simu na kuwasomea wenzake kikaoni. Kwa kifupi, katika kupima dhahabu joto kubwa kupita kiasi halinunui ukweli wa jibu. Yapo mambo mengine yanayonunua, na mengi kati ya hayo hayaandikwi kwa herufi kubwa.

Kwa nini suala hili limekuja sasa

Soko la kwanza la madini lilifunguliwa Geita mwezi Machi 2019, na baadaye masoko na vituo vya ununuzi vikaenea mikoa mingine. Mchimbaji anayefika sokoni na dhahabu yake anaiona ikipimwa uzito na ubora mbele ya macho yake. Huo ni uwazi ambao zamani haukuwepo kwa wengi.

Lakini uwazi huo uko mwisho wa safari. Mwanzo wa safari, pale kwenye duara, kwenye karasha na kwenye lundo la marudio, mambo mengi bado yanakwenda kwa kukisia. Mwenye marudio anauziana na mwenye matenki ya kuchenjulia bila kujua tani moja ina gramu ngapi. Anayejua ni yule aliyetangulia kuchukua sampuli na kuipeleka maabara, na mara nyingi huyo ni mnunuzi.

Serikali nayo imeongeza nguvu kwenye utafiti. Katika dira ya wizara inayoitwa Madini ni Maisha na Utajiri, lengo ni kwamba ifikapo 2030 eneo la nchi lililopimwa kwa ndege kwa kina lifike asilimia 50 kutoka asilimia 16. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo ndege inaonyesha mahali pa kutafutia, haisemi jiwe la duara lako lina gramu ngapi. Jibu hilo linatoka maabara, na maabara nyingi zinalipata kwa kutumia tanuri.

Tatizo ni umbali na siku. Sampuli inayosafirishwa kwenda Dodoma kwenye maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yaani GST, au kwenda Mwanza kwenye maabara za kibiashara, inachukua muda hadi jibu lirudi. Mnunuzi hasubiri. Ndiyo maana wazo la tanuri la kikundi linavutia, na ndiyo maana linahitaji kufikiriwa kwa utulivu.

Tanuri linafanya nini hasa

Njia inayotumika zaidi kupima dhahabu kwenye mawe ni ya moto, na ni ya kale sana. Sampuli inakaushwa, inavunjwa, inasagwa hadi inakuwa unga laini kama wa sembe. Maabara inapima gramu 30 au 50 za unga huo. Inauchanganya na unga wa oksidi ya risasi, magadi soda, boraksi, mchanga mweupe na, huenda ukashangaa, unga kidogo wa ngano. Mchanganyiko unawekwa kwenye chungu cha udongo kinachostahimili moto na kuingizwa kwenye tanuri lenye digrii kati ya 1,000 na 1,100 kwa muda wa saa moja hivi.

Humo ndani jiwe linayeyuka na kuwa kama kioo. Unga wa ngano unaigeuza oksidi kuwa risasi halisi, matone madogo madogo yanayoshuka chini taratibu. Yakishuka yanaikusanya dhahabu na fedha, kama mvua inavyokusanya vumbi hewani. Mchanganyiko unamiminwa kwenye kalibu ya chuma, unapoa, kioo kinavunjwa kwa nyundo, na chini yake kinapatikana kidonge cha risasi chenye dhahabu yote ndani.

Hatua ya pili, kidonge hicho kinawekwa kwenye kikombe kidogo kinachofyonza, kilichotengenezwa kwa majivu ya mifupa au kwa magnesia. Kinarudishwa kwenye tanuri, safari hii kwa digrii 900 hadi 960, hewa ikipita juu yake. Risasi inageuka kuwa oksidi tena. Sehemu kubwa inafyonzwa na kikombe na sehemu ndogo inatoka kama moshi. Kinachobaki ni punje ndogo ya dhahabu na fedha. Fedha huondolewa kwa asidi ya naitriki, au punje yote huyeyushwa kwenye asidi, kisha dhahabu inapimwa.

Sasa tazama udogo wa kinachotafutwa. Kama jiwe lina gramu 3 kwa tani, gramu 30 za unga zina dhahabu ya miligramu 0.09. Hiyo ni chini ya sehemu ya kumi ya miligramu moja, na kwa macho huioni. Maabara huongeza fedha kidogo ili punje iweze kushikika. Kila uamuzi kuhusu tanuri lazima ukumbuke udogo huo.

Kosa la nusu gramu

Tuchukue mfano wa hesabu. Kikundi kina lundo la marudio la tani 200. Ukweli ni kwamba lina gramu 2 kwa tani, lakini karatasi ya maabara inasema gramu 1.5. Tofauti ni nusu gramu. Zidisha kwa tani 200, unapata gramu 100. Kwa bei ya dola 4,000 kwa wakia, hizo ni zaidi ya dola 12,800, kabla ya kutoa gharama na sehemu ambayo uchenjuaji hauwezi kuitoa.

Kosa likienda upande wa pili ni balaa vilevile. Karatasi inasema gramu 2 wakati ni 1.5, kikundi kinakopa, kinakodi matenki na kununua kemikali, na mwisho wa mwezi dhahabu haitoshi kulipa deni. Ugomvi unaofuata huwa ni wa kutuhumiana wizi, kumbe aliyedanganya ni kipimo.

Joto la kutosha ni lipi

Dhahabu inayeyuka kwa digrii 1,064. Kazi yote tuliyoieleza haivuki digrii 1,100. Kwa hiyo tanuri lililotengenezwa kufika 1,200 au 1,300 linatosha, na linabakiza nafasi ili lisifanye kazi kila siku ukingoni mwa uwezo wake. Lile linaloishia 1,100 kamili liogope, kwa sababu litachoka mapema.

Matanuri ya digrii 1,700 yapo na yana kazi zake, kwa mfano kwenye utafiti wa vyungu na vifaa vinavyostahimili moto mkali. Yanatumia koili za aina nyingine, ghali na rahisi kuvunjika. Kulipia joto hilo kwa ajili ya kupima dhahabu ni sawa na kununua lori la tani 30 la kubebea ndoo za maji.

Lenye maana zaidi ni kama joto linalingana kila kona. Chungu kilicho nyuma na kilicho karibu na mlango vinatakiwa kupata joto linalokaribiana. Katika hatua ya pili joto likizidi, fedha nyingi na dhahabu kidogo hupotea pamoja na risasi. Likipungua, kidonge kinaganda kabla kazi haijaisha na sampuli hiyo inakuwa imeharibika. Namba moja inayowaka kwenye kioo cha mbele inaonyesha joto la mahali kipima joto kilipo tu. Mwombe muuzaji vipimo vya kona zote kwa maandishi, tanuri likiwa limejaa na si tupu.

Koili, kuta na mlango

Kwenye matanuri ya umeme ya kiwango hiki utakutana na aina mbili kuu za vyanzo vya joto. Ya kwanza ni koili za waya, kama zile za jiko la umeme lakini za madini magumu zaidi. Ni rahisi kwa bei, ila mvuke wa risasi na boraksi unazila polepole, hasa zikiwa wazi ndani ya chumba cha moto. Ya pili ni vijiti vya silikoni kabaidi. Vinavumilia zaidi, na kijiti kikifa kinaweza kubadilishwa bila kubomoa ukuta. Navyo huzeeka, uwezo wake hupungua kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo mfumo wa umeme lazima uwe wa kuweza kufidia hilo.

Kuta nazo ni za aina mbili. Zipo za nyuzi nyepesi kama pamba, zinazopata joto haraka na kuokoa umeme. Na zipo za matofali ya moto, nzito, zinazochelewa kupata joto lakini zinalishika. Maabara ya dhahabu hufungua mlango mara kwa mara kuingiza na kutoa vyungu. Tanuri la matofali halishtuki sana mlango ukifunguliwa, na matofali huvumilia kumwagikiwa kuliko nyuzi. Muulize muuzaji swali hili: mlango ukifunguliwa na vyungu baridi vikaingia, joto linarudi baada ya dakika ngapi?

Hewa na moshi

Tanuri la kawaida la maabara, lile la kuchomea udongo au makaa, mara nyingi ni sanduku lililofungwa vizuri. Kwa hatua ya pili ya dhahabu hilo halifai. Bila hewa kupita, risasi haigeuki oksidi na kazi haiendi. Tanuri la kazi hii lina njia ya kuingiza hewa na bomba la kutoa moshi.

Moshi huo una risasi, na risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu inaharibu ubongo unaokua. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mamia ya watoto walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani na vumbi kuenea uani. Chanzo pale kilikuwa mawe yenyewe na si maabara, lakini sumu ni ileile.

Wachimbaji wengi wamesikia kuhusu zebaki, hasa baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Tusije tukakimbia zebaki tukaingia kwenye risasi tukiwa tumefumba macho. Tanuri la kupimia lisikae kwenye nyumba ya kuishi, wala jirani na jiko la mama lishe. Liwe na mfumo wa kuvuta na kuchuja moshi, na anayelihudumia avae kinga ya pumzi inayofaa, maana kitambaa hakizuii mvuke wa risasi. Vikombe vilivyotumika vimejaa risasi. Visitupwe uwanjani watoto wakavichezea.

Umeme

Vijiji vingi vimepata umeme, lakini si kila kijiji kina umeme wa fezi tatu. Matanuri ya kuingiza vyungu vingi kwa pamoja kwa kawaida yanauhitaji. Kabla ya kulipa malipo ya awali, nendeni ofisi ya TANESCO na karatasi ya mtambo mkaulize kama laini yenu itaubeba.

Kisha fanyeni hesabu. Tanuri la kilowati 20 likifanya kazi saa 6 linaweza kula hadi uniti 120. Kwa kawaida litakula pungufu kidogo, kwa sababu likishafika joto linalotakiwa linawaka na kuzima. Zidisheni kwa bei ya uniti mnayolipa, kisha gawanyeni kwa idadi ya sampuli za siku hiyo. Kama mna sampuli tano tu, kila moja itabeba gharama kubwa. Kama mna hamsini, inabebeka.

Umeme ukikatika vyungu vikiwa ndani, kundi zima la sampuli haliaminiki tena. Kwa hiyo jenereta ya kutosha iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Pale ambapo fezi tatu haipo, yapo matanuri ya gesi na ya dizeli yanayotumika kwenye maabara za dhahabu, ila joto lake linahitaji mtu mwenye uzoefu wa kulidhibiti.

Msiyeyushie humo dhahabu ya soko

Tunaliweka hili peke yake kwa sababu ndilo linalopendekezwa sana vikaoni: tanuri moja lifanye kazi mbili, asubuhi lipime sampuli, jioni liyeyushe dhahabu ya wanachama.

Kumbuka ile miligramu 0.09. Mkiyeyusha gramu 100 za dhahabu kwenye tanuri hilo, kitone kisichoonekana kikiruka na kuangukia kwenye chungu cha kesho kinatosha kugeuza jiwe tupu kuwa jiwe tajiri kwenye karatasi. Maabara makini hutenga kabisa vyumba, vifaa na hata watu wa kazi hizi mbili. Chungu kilichopima jiwe tajiri hakirudi kupima jiwe masikini.

Vilevile msichanganye na ile mashine ya miale inayotumika sokoni. Ile inasoma ubora wa dhahabu iliyokwisha yeyushwa. Kwa jiwe lenye gramu chache kwa tani haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha moto.

Nani anunue, nani asubiri

Kwa maoni yetu, kikundi kimoja chenye maduara machache hakina sababu ya kununua tanuri. Hakitapata sampuli za kutosha kila siku, hakitaweza kumlipa mtaalamu, na mtambo utalala. Fedha hiyo ifanye kazi kwanza kwenye kuchukua na kuandaa sampuli: kifaa cha kuvunjia, kinu, chekecheo, mzani mzuri na mafunzo ya mtu wenu mmoja. Sampuli iliyochotwa upande mmoja wa lundo itatoa jibu la uongo hata kwenye tanuri bora kuliko yote.

Vyama vya ushirika na vyama vya wachimbaji wa mkoa wana hali tofauti. Wakiungana vikundi vingi, sampuli zinatosha na gharama inagawanyika. Wanaweza pia kuanzia kwenye vituo vya mfano vya STAMICO vya Lwamgasa, Katente na Itumbi, wakaona uchenjuaji wa kitaalamu kabla ya kununua chochote. Wakiamua kununua, wajue kwamba kemikali kama asidi ya naitriki ziko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na usajili wake si jambo la kuruka.

Serikali imetangaza kusogeza maabara za GST karibu na wachimbaji, ikiwemo Geita na Chunya. Tunadhani mafanikio yake yasipimwe kwa ukubwa wa jengo. Yapimwe kwa siku ambazo mchimbaji wa kawaida anasubiri jibu na kwa bei anayolipa. Jibu likirudi kabla mnunuzi hajaondoka, haja ya kila kikundi kuwa na tanuri lake itapungua yenyewe.

Ipo pia teknolojia mpya ya kupima kwa eksirei kali, iliyobuniwa Australia, inayosoma nusu kilo ya mawe kwa dakika chache bila tanuri wala risasi. Kwa sasa ni ya uwezo wa migodi na kampuni kubwa, lakini anayepanga kununua mtambo wa kudumu miaka kumi aijue.

Maswali ya kubeba kikaoni

Kwa muuzaji wa tanuri:

1. Joto linalingana kona zote? Vipimo viko wapi?
2. Baada ya kufungua mlango, joto linarudi kwa muda gani?
3. Koili zimekingwa dhidi ya mvuke? Za akiba ziko nchini au zinaagizwa nje?
4. Hewa inaingilia wapi, moshi unatokea wapi, na unachujwaje?
5. Linahitaji fezi ngapi na kilowati ngapi?
6. Nani atatufundisha, kwa siku ngapi, na kipima joto kitahakikiwa na nani kila mwaka?

Kwa maabara yoyote mnayopelekea sampuli, iwe ya serikali, ya mtu binafsi au yenu wenyewe:

1. Mnaweka sampuli yenye kiwango kinachojulikana katika kila kundi? Tunaweza kuona jibu lake?
2. Mnaweka sampuli tupu kuona kama kuna uchafu?
3. Mmeidhinishwa kwa kiwango cha kimataifa cha maabara, ISO/IEC 17025?

Na ipo njia ambayo haihitaji kumuuliza mtu. Gawa unga wa sampuli moja mara mbili baada ya kuuchanganya vizuri, uweke kwenye mifuko yenye majina tofauti, upeleke yote miwili. Majibu yakikaribiana, endelea. Yakitofautiana sana, rudia kabla hujauza lundo wala kukopa. Dhahabu ya chembe kubwa inaweza kuleta tofauti hata maabara ikiwa makini, kwa hiyo usianze na lawama. Anza na kipimo cha tatu.

Kama kikundi chako kimeshapewa karatasi ya bei ya tanuri, tupigie wakati wa kipindi utusomee kilichoandikwa, tuipitie pamoja hewani. Jina la muuzaji si lazima.